Jani la Ishirini

Mkaguzi wa mizani alikuwa na kipara na mshubiri mmoja. Kipara hakukipenda. Mshubiri, mmea wa jangwani, aliulea miaka sita kwenye dirisha la jikoni, akiunywesha maji kila baada ya wiki tatu kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Jumamosi angeupeleka kwenye maonyesho ya mimea. Sharti lilikuwa majani mazima yasiyopungua ishirini. Wake ulikuwa na ishirini na moja, kila moja na namba yake kwa penseli.

Jumatano asubuhi namba saba haikuwepo. Majani yalibaki ishirini kamili. Likikatwa lingine, maonyesho basi.

Hakupiga kelele. Alimtazama baba mkwe wake, mgeni wa wiki ya pili, aliyekuwa anakunywa chai amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na joto lote lile.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Usinikodolee macho hivyo, mimi si mizani.”

“Naomba uvue kofia.”

“Mume wangu!” mkewe akapaza sauti kutoka chumbani alikokuwa akipiga pasi. “Umeanza kumkagua baba yangu?”

Mzee akavua. Kipara kiling'aa kwa utomvu, na katikati yake nywele zilisimama wima kama askari. Mkaguzi akaleta lenzi.

“Saba.”

“Nane,” mzee akasema kwa fahari. “Moja umeiruka. Na jana hazikuwepo!”

Mkaguzi akaleta rula. Milimita kumi na mbili. Akapima tena, kisha akautazama mshubiri kwa muda mrefu.

“Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo,” alisema. “Lazima apatikane wa pili.”

“Kata nene, mwanangu. Usijibanie.”

Akakata namba ishirini.

Mkewe alipoingia na mashati, aliwakuta wameinamisha vichwa, vyote vinachuruzika. Mkaguzi akamweleza habari za nywele mpya za mzee.

“Nywele gani? Hizo nane anazo tangu kabla ya harusi yetu, huwa zimelala tu. Utomvu umekauka, umezisimamisha.”

Mkaguzi akamgeukia mzee.

“Baba, jana ulizihesabu?”

“Kwani mkaguzi ni mimi?”

Jumamosi wote wawili walikwenda kwenye maonyesho kama watazamaji, na kofia zao za sufu. Mkaguzi aliyahesabu mara tatu majani ya mshubiri ulioshinda. Yalikuwa ishirini kamili.