Jembe Lililobaki Ndani

Mwalimu Kamate alipotuma ujumbe kwamba anamtaka Dancille shuleni Jumapili baada ya misa, Dancille alijua ni habari ya Séraphine. Msichana alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa miezi miwili sasa kila Jumatano alichelewa kurudi nyumbani, akisema ni kwaya. Dancille alijiandaa kwa mambo mawili, mimba au uvivu, na kwa yote mawili alikuwa na maneno tayari.

Haikuwa mimba wala uvivu. Kamate alimpokea kwenye mlango wa darasa, suruali yake imepigwa pasi kama kawaida, akamweleza kwa haraka ya mtu mwenye woga. Alikuwa ameandika mchezo wa kuimbwa, sehemu nne. Alhamisi Padri angeusikia, na baada ya Padri, karani wa Administrateri, mkuu wa serikali ya Wabelgiji pale Goma. Lakini kabla yao wote alitaka Mama Séraphine ausikie. Leo ungesomwa na kuimbwa tu kutoka kwenye kaye, daftari la shule, bila jukwaa, bila mavazi, mbele ya watu wachache.

Dancille akauliza kwa nini yeye.

"Ukae kwanza, mama," Kamate akasema. "Ukisikia utajua. Na ukisema niutupe, nitautupa."

Kamate alikuwa Munande wa Butembo, watu wanaosifika kwa kutopoteza kitu, na Goma nzima ilijua kwamba hatupi hata vipande vya chaki. Aliviweka kwenye kopo la maziwa. Dancille akaingia, akakaa benchi la mbele.

Mlango ukafungwa, benchi likasukumwa kuuzuia kwa sababu watoto walikuwa wanachungulia. Kwenye kinanda alikaa Evariste, ambaye siku za kazi alishona viatu. Waimbaji walikuwa sita, kila mmoja na kaye yake, na Séraphine kati yao akitazama sakafu. Benchi la mwisho lilikuwa na mwanamume mmoja aliyevaa koti zito mchana wa jua, akikohoa ndani ya kitambaa. Dancille hakumtazama mara mbili.

Mchezo ulihusu mwanamume wa Kivu anayekwenda kusini kufanya kazi kwenye mashimo ya shaba. Kamate aliposoma hivyo tu, Dancille akaelewa nusu ya jambo, na mgongo wake ukanyooka.

Mume wake, Habarurema, aliondoka mwaka wa 1948. Sasa ulikuwa 1957. Zilikuja barua mbili, halafu hakikuja kitu. Hakuna aliyeleta neno kwamba amekufa, na mama yake Habarurema, bibi kizee Mukamugema, alikataza machozi ndani ya ua. Alisema mwanamke anayemlilia mume aliye hai anamfungia njia ya kurudi. Basi Dancille hakulia. Hakunyoa nywele, hakukaa matanga, hakuolewa, hakurudi kwa ndugu zake Rutshuru. Kila asubuhi aligonga mpini wa jembe kwenye jiwe la kizingiti ili chuma kikaze, akapanda mlima kwenda shambani kwake juu ya Katindo, ambako kila mara ya tatu jembe hugonga jiwe la volkeno. Jioni bibi kizee, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, aliuliza kama barua imekuja. Dancille alijibu kwamba haijaja, kisha walikula.

Sehemu ya kwanza ilichekesha. Evariste aliacha kinanda akawa daktari wa kupima watu wa kazi. Alimpima mwimbaji kifua kwa kamba ya kiatu, akaweka sikio mgongoni kwake, akatangaza kwamba huyu anafaa, pumzi yake inatosha watu wawili. Wote wakacheka. Dancille naye alicheka, kisha akakumbuka kwamba Habarurema alirudi siku ya kupimwa kumwonyesha kifua, shati likiwa juu, akijivuna kwa namba alizoandikiwa kwa wino.

Halafu akasimama Séraphine. Yeye alikuwa Mke. Kwenye kuagana na mume hakuimba, alisoma tu, kwa sauti kavu:

"Uende basi. Lakini usiniletee maneno. Uniletee mabati."

Uso wa Dancille ukawaka moto. Ndivyo alivyosema, pale mlangoni, mikono yake ina unga. Hakujua kwamba mtoto wa miaka minane alikuwa anasikia. Miaka tisa alikuwa amebeba maneno hayo peke yake, akijua kwamba huenda ni ya mwisho ambayo mume wake aliyapata kutoka kwake, na sasa yalikuwa yameandikwa kwa wino kwenye kaye ya shule. Séraphine alimtazama mara moja, haraka, kama mtu anayetazama sufuria inayotaka kumwagika. Dancille alifikiri: mwalimu amemuuliza mtoto, mtoto amejibu, basi.

Sehemu ya pili ilikuwa safari, meli na treni, na wimbo wa watu kuhesabu vituo. Dancille aliusikia nusu.

Sehemu ya tatu ilikuwa hospitali. Kijana mmoja wa Masisi, Laurent, aliyekuwa yule mwanamume wa mashimo, alilala juu ya meza ya mwalimu, mikono kifuani. Kinanda kikapiga taratibu. Mwanamume wa mchezo aliimba kwamba kifua kimejaa vumbi, kwamba pumzi ile iliyopimwa kwa kamba imekwisha. Mwishoni aliacha kuimba, akageuza kichwa, akamuuliza mwenzake wa kitanda cha jirani:

"Ndugu yangu, moto mumeufunika?"

Dancille alisimama.

Kinanda kikanyamaza. Kila usiku, miaka kumi na miwili ya ndoa yao, Habarurema aliuliza hivyo. Hata kama alimwona Dancille kwa macho yake akivuta majivu juu ya makaa, akilala tu aliuliza, na hakupata usingizi mpaka ajibiwe. Séraphine hakuweza kulijua hilo, maana miaka ile alilala nyumba ya bibi yake. Hapakuwa na mtu duniani wa kulijua isipokuwa yule aliyelala karibu na Habarurema.

"Hiyo ulipata wapi?" akamuuliza Kamate.

Kamate aligeuka kutazama benchi la mwisho. Mwanamume wa koti akainuka, akajishika kwenye ukuta, na Dancille akamtambua polepole, kwa sababu alikuwa amebaki nusu ya mwili aliokuwa nao. Ni Nsanzimana. Alikuwa ameandikwa kazi siku moja na Habarurema.

Alieleza akiwa amesimama, akipumzika kila baada ya maneno machache. Habarurema alikufa mwaka wa 1953, mwezi wa nne, na yeye Nsanzimana alikuwa kitanda cha pili. Wazungu waliandika karatasi. Karatasi ilipotelea wapi hajui. Yeye aliporudi mwaka ule ule, kabla hata ya kwenda kwao Rutshuru, alishuka kwenye meli akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Dancille. Ilikuwa asubuhi, Dancille yuko shambani. Alimkuta bibi kizee mlangoni.

"Nilianza kumwambia. Hakuniacha nimalize. Alisema, wewe haukufika hapa. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mutu yeyote wa nyumba yake." Akakohoa, akajifuta. "Mwalimu si mutu wa nyumba yake. Kwaya ilipokuja kuimba kwetu Rutshuru, nikamwambia yeye."

Miaka minne. Dancille aliihesabu mara moja, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu: misimu minane ya maharagwe. Jioni zote zile za kuulizwa kama barua imekuja, na aliyeuliza anajua.

Akamgeukia Kamate. Alimwambia kwamba angeweza kuja kumwambia kwa mdomo, kama binadamu, badala ya kumwita kwenye darasa kuimbiwa kifo cha mume wake na kinanda.

"Nilikuja," Kamate akasema. "Nilikuja mara tatu, mama. Kila mara uliniuliza nataka maharagwe kilo ngapi. Nikanunua, nikarudi. Niko nayo ya kumaliza mwaka." "Sikujua namna ingine. Hii ndiyo kazi ninayojua."

Evariste alishusha kichwa juu ya kinanda. Hapakuwa na mtu aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka sana.

Ndipo Dancille alipomwona binti yake. Séraphine alikuwa amesimama na kaye kifuani, mdomo wazi kidogo. Yeye aliambiwa tu kwamba ni hadithi ya wanaume wengi. Kwa miezi miwili alijifunza wimbo wa mjane bila kujua baba yake amekufa, na alikuwa anajua sasa, mbele ya watu, kwa wakati mmoja na mama yake. Kwa hilo Dancille hakumsamehe Kamate siku ile, wala baadaye sana.

Aliacha benchi, akaenda kusimama karibu na msichana. Akamuuliza kilichobaki ni nini. Séraphine akajibu kwa kunong'ona kwamba ni sehemu ya nne, wimbo wa Mke anapoletewa habari.

"Basi imba."

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Nitakushikia kaye. Miaka minne tumemnyima kilio chake. Leo hatutaondoka hapa bila kumlilia."

Akaishika kaye kwa mikono miwili, mbele ya macho ya mtoto, ingawa yeye mwenyewe hakujua kusoma. Evariste akapiga. Séraphine alianza vibaya, akaacha, akaanza tena, na sauti ikashika. Ulikuwa wimbo mfupi. Ulisema kwamba mwanamke amepika kwa sufuria kubwa kuliko watu waliopo, na hajui afanye nini na kilichobaki. Dancille alisikiliza akitazama maandishi asiyoyajua. Machozi yalimtoka bila kelele, yakadondoka kwenye kaye, na akaisogeza kidogo ili wino usiharibike.

Wimbo ulipokwisha, Kamate alisoma mistari ya mwisho kwa sauti ndogo, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa na hakujua kuiacha: asubuhi yake Mke anaamka, anachukua jembe, anakwenda shambani, pazia.

"Hapana," Dancille akasema.

Kamate akamweleza kwamba ndivyo alivyomwona yeye mwenyewe, kila siku, kutoka kwenye dirisha la darasa hili. Mwanamke anayepita na jembe begani bila kukosa hata siku moja. Ndilo jambo lililomfanya aandike.

"Ulimwona mwanamke asiyeambiwa kitu. Aliyeambiwa haendi shambani. Kwetu jembe linakaa siku nane. Hakuna mutu wa ua ule anagusa udongo, na majirani nao wanakaa. Huyu wako umempa kifo jioni, asubuhi umemtuma kulima. Nani anamfanyia mjane vile?"

Kamate akauliza, kwa heshima, kama autupe mchezo. Waimbaji wote walimtazama Dancille, na Nsanzimana pia.

Dancille alifikiri juu ya Padri na karani, na juu ya watu wa Goma watakaokaa kwenye mabenchi na kusikia maneno ya mabati. Aibu ilikuwa yake na angeweza kuiondoa kwa neno moja. Lakini akiyaondoa, Habarurema angerudi kuwa mtu ambaye hakuna anayejua alikotokomea.

"Usiondoe neno," akasema. "Hata la mabati, nililisema. Ila jembe lilale ndani. Watazamaji wako wazingoje siku nane za matanga, kama watachoka wachoke."

Kamate alichukua kalamu, akafuta, akaandika.

Jioni ile bibi kizee aliuliza mwalimu alikuwa anataka nini. Dancille akamjibu kwamba watazungumza kesho. Kuhusu barua bibi hakuuliza. Labda alisikia kitu kwenye sauti.

Asubuhi Mukamugema alikaa mlangoni kwenye mkeka wake, kikapu anachosuka kwa kupapasa kiko mapajani. Jua likapanda. Mpini haukugongwa kwenye jiwe. Alingoja, akageuza sikio.

"Jembe limepotea?"

"Liko ndani."

"Ni nani mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa, mama."

Vidole vikaacha kusuka. Dancille alikuwa amekesha akipanga maneno, makali, moja nyuma ya jingine, na sasa aliona namna shingo ile ilivyo nyembamba.

"Yule kijana aliapa," bibi akasema mwishoni.

"Hakuvunja kiapo. Lakini ninajua."

"Ndugu zako wa Rutshuru wangekuja kukuchukua wewe na mutoto. Haki wangekuwa nayo. Mimi kipofu ningebaki na nani?"

"Ungeniuliza. Wewe uzito wako haufiki gunia ya maharagwe. Ningekubeba."

Dancille akakaa chini, si karibu sana. Hasira ilikuwa bado ipo, na alijua itakaa kuliko siku nane. Hata hivyo kulikuwa na kitu cha huyu mama ambacho Nsanzimana hakuachwa akitoe, na haikuwa halali kumnyima.

"Haukumwacha amalize," akasema. "Neno la mwisho la mwana wako. Aliuliza kama moto umefunikwa."

Mkono wa Mukamugema ulitafuta hewani, ukapata goti la Dancille.

"Alikuwa na miaka saba," akasema. "Aliacha moto uzimike, mvua inanyesha, nikamchapa mpaka jirani akaja kunishika. Hakusahau?" Kisha, kwa sauti ambayo Dancille hakuwahi kuisikia kwake, akaanza kulia.

Séraphine alitoka ndani, akakaa upande wa pili wa bibi yake. Henriette, jirani yao, alipita njiani na jembe begani, akaita salamu juu ya ukuta wa mawe, hakujibiwa. Akasimama. Aliwaona wanawake watatu wamekaa chini asubuhi ya kazi, na jembe limelala ndani ya mlango. Alishusha lake, akaliegemeza ukutani upande wa njia, akaingia, akakaa nao.