Wale Hawakuuliza

Hayat alipobonyeza mguu wa mama yake, kidole kiliacha shimo, na shimo lile likakawia kujaa. Mama, Bi Mwanamkisi, aliushusha upindo wa leso, akaufunika mguu kana kwamba kuufunika kungeutibu.

"Ni joto tu," alisema, akihema baina ya neno na neno.

Halikuwa joto. Dawa yake ya moyo ilikuwa imeadimika katika maduka yote ya kisiwa cha Amu, na Hayat, mwalimu aliyejiona mjuzi wa mitandao, alikuwa ameiagiza kwenye duka la mtandaoni lililojisifu kwamba halimsumbui mteja. Kweli halikumsumbua. Dawa ilifika mtaani kwao Langoni upesi, katika pakiti inayong'aa, na mama akawa anaimeza kwa imani huku maji yakimjaa miguuni.

Hospitalini asubuhi ile, daktari alimchoma mama sindano ya kupunguza maji, akaandika cheti kipya cha dawa na kusisitiza dawa halisi ipatikane haraka. Muuguzi Cherotich aliipinduapindua ile pakiti.

"Bi Hayat, hapa hakuna namba ya toleo wala jina la kiwanda. Hawa wauzaji wamesajiliwa wapi?"

Hayat aliwatafuta palepale. Alipowapigia wauzaji, simu haikupatikana. Alipoutafuta ukurasa wao, haukuwepo tena.

Basi alasiri, kabla ya kuagiza chochote, alitafuta kwanza katika orodha ya bodi inayosimamia maduka ya dawa. Akapata duka moja la Mombasa lenye leseni. Hapo ndipo usumbufu ulipoanza. Walitaka cheti cha daktari. Akatuma picha, wakaikataa kwa kuwa haisomeki. Akapiga nyingine, mtandao ukakatika katikati. Ilipofika hatimaye, alipigiwa simu na mfamasia wao, Nerea, akaanza kuulizwa. Mgonjwa ana umri gani? Uzito je? Anatumia dawa gani nyingine? Mitishamba? Figo zimepimwa?

Hayat alimkatiza.

"Bi Nerea, mama yangu anavimba, nawe wanihoji kama mshukiwa! Mbona wale wengine hawakuniuliza lolote?"

Maneno yalipomtoka, akayasikia. Uso ukamwiva. Alitamani Nerea amjibu kwa ukali, walau wawe wamekoseana wote wawili.

"Naomba nizungumze na mama mwenyewe," Nerea alisema.

Hayat aliiweka simu kwenye spika, akamsogezea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukisimama, kichwa hukuzunguka?"

Bi Mwanamkisi alimtazama binti yake, kisha akautazama ukuta. Siku zote Hayat alimuuliza, "Waonaje, mama?" huku akivaa buibui la kwendea shuleni, na siku zote alijibiwa, "Alhamdulillahi," naye akatoka ameridhika.

"Hunizunguka," mama alisema polepole. "Nalianguka, ndiani, nikitoka kwa jirani. Huyu sikumwambia. Hurudi amechoka."



"Pole, mama," sauti ya Nerea ilisema, bila haraka. "Ulianguka vipi? Nieleze."

Hayat akaketi sakafuni, asikilize.