Kistari cha Katikati

Ting. Ting. Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani, mara mbili, kikanyamaza.

Mama mtu alisimama mlangoni, daftari kwapani, viatu mkononi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, lakini alijua fika kijiko kile kinasema nini: mdogo wangu, umefika? Dada yake hakuwa na njia nyingine ya kuita. Miaka minne sasa tangu madaktari wamtoe uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Sauti ile ile iliyokuwa ikijaza kumbi, watu wakasimama mpaka kwenye ngazi.

"Nimefika, dada," alisema. Laiti angekuwa bado yuko njiani.

"Mama, usikanyage koti!" mtoto alipiga kelele kutoka sakafuni. "Tumelitandaza kwenye mkeka. Mama mkubwa analisoma kwa vidole."

Koti lenyewe lilikuwa la satini ya bluu, na ndilo lililomfanya atembee polepole njia nzima kutoka darasani, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mchana alikuwa fundi cherehani, jioni mwanafunzi wa Kiingereza, na katikati ya hayo yote alikuwa mama. Jumamosi hiyo chama cha wanamuziki kingewapandisha jukwaani waimbaji wa zamani, mmoja mmoja, kuwapa mkono wa heshima. Kusema dada asingeweza, kuimba ndiyo usiseme. Basi aliomba jambo moja tu: mgongoni mwa koti lake lidariziwe neno lake, ili watu wasome kile ambacho yeye hawezi kutamka. Herufi saba za uzi wa dhahabu. Ilibaki moja.

Neno lilitoka gazetini. Miaka mitatu iliyopita mteja mmoja alileta kitambaa kimefungwa kwenye gazeti la Kiingereza, na fundi alipolikunjua akakuta picha ya dada yake, kipaza sauti mkononi, macho ameyafumba. Chini ya picha, kwa herufi kubwa: HAS-BEEN. Wakati huo alikuwa na wiki tatu tu za masomo ya jioni, kichwa kimejaa jedwali la vitenzi, na kifua kimemtutumka kwa jinsi alivyolijua jibu.

"Dada! Wameandika 'amekuwa'!"

Dada akaandika kwenye daftari lake la kuongelea: *Amekuwa nini?*

"Amekuwa! Amekuwa mtu! Amekuwa mkubwa! Hawakuona hata haja ya kumalizia."

Walicheka wakalia, wakalia wakacheka. Picha ikatiwa fremu, ikatundikwa mbele ya kitanda cha dada, na tangu siku hiyo mtoto hakumwita jina lingine: Mama Mkubwa Amekuwa. Wateja nao wakadaka. "Amekuwa hajambo leo?" "Msalimie Amekuwa."

Jioni ya leo sasa, mwalimu aliandika ubaoni: maneno ya watu maarufu. Darasa likachangamka. Alipouliza nani anajua maana ya "fan", fundi bomba aliyezoea kukaa nyuma akanyoosha kidole kuelekea darini.

"Feni, mwalimu! Hiyo hapo!"

"Ni kweli. Lakini pia ni shabiki."

"Basi ni mamoja," fundi bomba akasema. "Umeme ukikatika, wote kimya."

Watu wakavunjika mbavu, na fundi cherehani akacheka kuliko wote. Alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko mwalimu alipoandika neno la mwisho. Moyo ukamruka kwa furaha. Hilo analijua! Akanyoosha mkono kabla ya kuulizwa.

"Amekuwa!"

"Pasingekuwa na kistari, ungepata," mwalimu alisema kwa upole, akagonga chaki juu ya kale kamstari kafupi katikati. "Kistari kikiingia, hicho si kitenzi tena. Ni jina la mtu. Mtu aliyewahi kuvuma, sasa hana habari. Kwa lugha ya mtaani tungesema…"

"Amechuja!" fundi bomba akamalizia.

Fundi cherehani anajua kuchuja ni nini. Ni kile kitambaa unachokitia majini mara moja, beseni likageuka rangi, nawe ukabaki na tambara. Hakukumbuka alivyotoka darasani.

Ting. Ting.

"Nakuja, dada." Akawasha mwanga wa simu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Njiani alikuwa ameshapanga uongo, akautoa ukiwa mbichi. "Nimesikia, dada, Jumamosi hawataki nguo zenye maandishi. Ndiyo utaratibu wao. Tuyafumue tu, koti ni zuri hivyo hivyo."

Ting. Mara moja. Mara moja maana yake hapana.

Dada akavuta daftari, akaandika, akampa mtoto. Ndivyo walivyozoea: mtoto alikuwa darasa la kwanza, na kusoma maneno ya mama mkubwa ndiyo kazi aliyoionea fahari kuliko zote.

"U-me-fu… umefundishwa nini leo?"

"Maneno tu. Ya watu maarufu."

Kalamu ikakwaruza tena. Mtoto akasogeza daftari kwenye mwanga. "La-ngu… langu lilikuwemo?"

Mama mtu akamgeukia mtoto. "Nenda ukamchotee mama mkubwa maji ya kunywa," alisema. "Pole pole, usiyamwage." Akangoja mpaka nyayo zile ndogo zikafika jikoni.

"Lilikuwemo," alisema. "Nilikosea, dada. Kuna kistari pale katikati, mimi nilikiona nikadhani ni urembo wa gazeti. Halimaanishi amekuwa."

Dada alimtazama tu, kama mtu anayemngoja fundi amalize kupima.

"Linamaanisha amechuja."

Alidhani angelia. Dada hakulia. Aliigeukia ile fremu gizani, kisha mabega yakaanza kutikisika bila sauti, na mdogo mtu hakujua ni kicheko au ni kilio mpaka alipomgusa shavu na kidole kikarudi kimelowa.

Dada akaandika: *Miaka mitatu nikiamka nalisalimia.*

"Nisamehe. Nilitaka sana liwe zuri."

*Hukujua. Mimi ndiye niliyelipenda.* Kalamu ikasita, kisha ikaandika neno moja, ikalipigia mstari: *Fumua.*

Wakalilaza koti magotini mwao, mmoja huku, mwingine kule. Mdogo mtu alishika wembe, dada akavuta nyuzi. E. E. B. Kistari kilikuwa mishono minne tu, kikatoka kwa mkwaruzo mmoja, kana kwamba hakikuwahi kuwa kitu. Mtoto alirudi na kikombe cha maji, akakiweka kando, akaona watu wamezama kazini, akakaa kimya mkekani kukusanya nyuzi za dhahabu. Walipokuwa kwenye H, umeme ukarudi. Feni ikajikuna darini, ikaanza kuzunguka, na nyuzi zote mtoto alizozikusanya zikapeperuka chumba kizima.

"Fundi bomba angecheka," mama mtu alisema, akasimulia ule mzaha wa darasani, na dada akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Kisha akainuka, akaigeuza fremu ikatazama ukuta.

"Livae nikuone."

Dada akalivaa. Mbele ya kioo alinyoosha shingo, akajifunga kitambaa chake cha hariri juu ya kovu la koo, akajitazama ubavu huu na ule. Bado alijua kusimama. Watu waliojua kusimama mbele ya umati hawasahau; mgongo unajiweka sawa wenyewe.

"Umependeza, dada. Jumamosi watasimama wote kwa heshima yako."

Dada akaitikia kwa kichwa. Akaonyesha kwa vidole: kweli litatosha, bila kitu? Macho yake kwenye kioo yaliuliza hilo na mengine.

"Linatosha sana," mdogo mtu alisema haraka, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yake, chini ya taa, na kama fundi alishaona kile ambacho kioo hakingeweza kumwonyesha dada. Satini ikishatobolewa haifichi tundu. Akalipapasa kwa kiganja, akalikuna kwa kucha, akapuliza pumzi ya moto juu yake kama afanyavyo kwa nguo za wateja. Matundu yalibaki palepale, madogo madogo, yamejipanga.

Mtoto akainuka na kile kikombe cha maji, akasimama nyuma ya mama mkubwa wake. Akakiweka chini polepole asimwage. Akainua kidole, akakipitisha mgongoni kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyofundishwa shuleni.

"Mama mkubwa, bado inasomeka."