Barafu Ilivyomleta Khisa Mayoni

Asubuhi moja ya Mei 1996, Mildred alichukua jembe kwenda kupalilia miwa, akakuta nyuma ya shamba, palipokuwa na kijito na malisho, pana bonde la barafu. Sakafu yake ilikuwa pana, kuta zimesimama wima pande zote mbili, na lilipanda kuelekea mashariki mpaka macho yakashindwa kulifuata. Mildred alirudi nyumbani kuvaa sweta, kisha akapalilia.

Mwalimu Lazarus, aliyefundisha jiografia sekondari, alileta wanafunzi wa kidato cha tatu. Alifurahi kwamba siku hiyo hakuhitaji chaki. Aliwaeleza kwamba barafu nayo ni mto, ila mto usio na haraka. Huchonga bonde lake ukiteremka, hubeba mawe na chochote ulichomeza huko juu, na pale unapoyeyuka huvitema vyote.

"Hii imetoka Mlima Kenya," alisema. "Imekawia tu njiani."

Watu waliona ni sawa. Wauza samaki wa soko la Mayoni walianza kuja na karai kuchukua vipande vya barafu, na vijana wakapata mawe ya kuponda kokoto. Mildred alibaki na maneno mawili tu ya mwalimu: huvitema vyote.

Mumewe, Khisa, baba wa binti yake Wendy, alikuwa amekwenda Mlima Kenya mwaka 1989 kuwabebea mizigo wapanda milima wa kampuni moja, na hakurudi. Kampuni ilituma ujumbe kwamba ametoroka na hema na kamba. Mayoni ilimalizia yenyewe yaliyobaki: Khisa ameuza hema, ameoa Nanyuki. Hakukuwa na matanga ambayo mtu hakusimulia alivyomwona huko, amenenepa. Mama mkwe wa Mildred, Teresa, alimwambia mbele ya wageni, "Ungempikia obusuma, ugali ya kwetu, vizuri, angekuwa hapa." Kilichomuumiza Mildred zaidi ni kwamba baada ya miaka kadhaa naye aliamini. Alimchukia Khisa, na chuki ile ilimchosha kuliko jembe.

Basi kila alasiri alikwenda kuketi pale barafu ilipokomea. Ilitema mawe. Ikatema sufuria, miwani ya jua, kisha hema. Mwishowe ikamleta Khisa.

Alikuwa ndani ya barafu, anaonekana vizuri kama mtu aliye nyuma ya dirisha, na umri wake ulikuwa palepale alipouacha. Miguuni alivaa raba za kitambaa, mikononi soksi. Kiunoni alifungwa kamba, na ncha ya kamba hiyo ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Kumbe hukwenda Nanyuki," Mildred alimwambia.

Akacheka, akalia, akacheka tena. Tangu kuolewa hakuwahi kuhisi wepesi kama ule.

Teresa alifika akihema, leso imemdondoka njiani. Alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Mildred.

"Mama Wendy, mimi nilikuwa nasemanga vibaya."

"Ulikuwa unasemanga, Kukhu," Mildred alimjibu, akimwita nyanya kama Wendy alivyomwita.

"Mtoto yangu hakukuacha."

"Hakuniacha."

Walishikana mikono, wakangoja ayeyuke. Walimzika Jumamosi kando ya nyumba, kwa nyimbo na chai yenye maziwa mengi, na wazee walisema hawajaona matanga yenye furaha hivyo. Mgeni mmoja kutoka Mautuma alimpa Mildred pole kwa kufiwa na mdogo wake. Mildred alimshukuru.

Mtu wa kampuni naye alikuja siku hiyo, amevaa jaketi zito. Alitaka hema na kamba, kwa kuwa ni mali ya kampuni. Mwalimu Lazarus alimwonyesha ile ncha iliyokatwa. Akaikagua, akasema kamba imekuwa fupi, lakini ataichukua hivyo hivyo.

"Nani alikata?" Mildred aliuliza.

"Wale wageni aliowabebea mizigo walisharudi kwao, mama. Na kwetu inajulikana alitoroka. Hiyo ni ngumu kubadilisha."

Kisha akageuka kulitazama bonde. Alisema ni zuri sana, na lina faida ya kufikiwa kwa gari.

Kufikia Agosti kampuni ilikuwa imejenga kibanda cha mabati kwenye mwisho wa miwa. Wageni walikuja na buti zenye meno ya chuma. Vijana wa Mayoni waliajiriwa kubeba mizigo, na kila mmoja akapewa raba mpya. Mildred alikwenda kibandani kuwaambia kuhusu hizo raba, wakamshukuru kwa ushauri. Aliwaambia na vijana. Walikubaliana naye kabisa, wakafunga kamba viunoni, wakapanda. Kukata miwa, walisema, kulikuwa kubaya zaidi.

Kijana mmoja, Oliver, alipanda nao. Alikuwa ameoa mwezi uliopita tu. Alasiri hiyo mkewe, Beverly, alimfuata Mildred shambani, akasimama akipindapinda pindo la kanga.

"Mama Wendy, na akikosa kurudi?"

Mildred aliweka jembe chini. Alimwonea huruma, akamwambia lile ambalo yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia.

"Watu watakuambia ako na mwanamke Nanyuki. Usisikize. Wewe kuja hapa, ungoje. Ataletwa."

Beverly alishusha pumzi, akamshukuru sana, akarudi nyumbani kuanika nguo.