Maneno ya Jambazi

Katika ukumbi wetu wa video hapa Kasongo, mimi ndiye niliyeshika mikro, yaani kipaza sauti. Kiingereza nilikipata kambini Tanzania, wakati wa ukimbizi, basi filamu za majambazi wanaooga shampeni nilizitafsiri kwa Kiswahili chetu. Moja watazamaji waliiomba kila Jumapili. Mwishoni jambazi yuko gerezani, analia: "Mama, unisamehe." Nani angelipa kusikiliza kilio? Nikapaza sauti: "Anasema, nimekula maisha, sijutii kitu!" Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Mpumbavu mimi!

Yassine, mtoto wa jirani yangu Mama Feza, hakukosa hata Jumapili moja. Alipokua alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, akawa anaosha pikipiki yake kwa bia. Makuta ya mfukoni yalipokwisha, akaanza kupora wafanyabiashara njiani, mpaka akakamatwa.

Juzi mimi na mama yake tulikwenda kumwona gerezani. Mama Feza alishindwa kuingia, akaketi mlangoni, nikaingia peke yangu. Yassine alinitazama, akacheka.

"Nimekula maisha, Papa Amani. Sijutii kitu!"

Nikatoka.

"Mutoto wangu amesema nini?" Mama Feza aliuliza.

"Analia, Mama Feza. Anasema: mama, unisamehe."