Mlinzi Mwepesi wa Taisia

Jirani yetu Agafia anadai alimwona mume wangu, Prohor, amepiga magoti juu ya barafu mbele ya Taisia wa dukani, anamfungia mlinzi kwenye ufito wake, huku Taisia akicheka mpaka mvuke wa pumzi zake ukamfunika Prohor uso mzima. Agafia alikuwa amekwenda kusuuza mashuka kwenye tundu la barafu ziwani. Alirudi mbio na beseni lake, na mashuka yakagandia njiani.

"Walikuwa hivi," akaniambia, akikutanisha viganja vyake vilivyoiva wekundu kwa baridi. "Hata paka asingepita katikati."

"Labda alikuwa anamsaidia tu, shangazi."

"Marehemu mume wangu naye alianza kwa kusaidia, mwanangu. Alimpasulia mwanamke mmoja kuni miaka mitatu, na kwetu jiko limezima."

Nilicheka, maana ilibidi. Lakini kilichonichoma hakikuwa magoti wala kicheko. Kilikuwa mlinzi.

Mlinzi ni unywele mmoja wa mgongo wa nguruwe pori. Unafungwa kwenye ncha ya ufito mfupi, uzi unapita mwishoni mwake, na chini kwenye giza la maji kinaning'inia kipande kidogo cha madini ya risasi chenye ndoana na kibuu chekundu cha chambo. Samaki wetu wa hapa Sosnino ni leshi, mpana kama sinia, na havuti chambo. Anakiokota taratibu na kukiinua. Mlinzi mwepesi, aliyekuwa ameinama kidogo kwa uzito wa risasi, hapo ananyooka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mlinzi mzito hakuambii kitu. Unarudi nyumbani na ndoo tupu na vidole vimekufa ganzi.

Tangu tuoane, majira manne ya baridi sasa, Prohor huzipanga nywele zile mezani juu ya kitambaa cheupe, nami ndiye ninayechagua kwanza. Wake wengine wa hapa huvulia walinzi ambao waume zao wamewakataa. Mimi nilikuwa nachagua kabla ya mwenye ufundi. Nilikuwa naringa nalo, sikatai.

Mwaka huu hakunipangia kitu. Aliniletea mmoja tu, ameshafungwa, mnene kama sindano ya kushonea magunia. "Huyu atakufaa," akasema, akaenda kukung'uta theluji kwenye viatu vyake vya sufi.

Asubuhi tatu nilikwenda ziwani, nikatoboa tundu langu mbali na Prohor na Taisia, nikakaa nyuma ya rundo la theluji. Kuvua kumenifundisha kungoja. Taisia ni mjane aliyeletwa kiangazi kuuza katika duka la ushirika, na duka hafungui mpaka mchana. Walikaa magoti kwa magoti, matundu yao jirani. Sikusikia maneno, ila niliona jambo moja, nikaliona tena na tena: midomo ya Taisia ilitikisika kwanza, kisha ndipo mkono wa Prohor ukainua ufito. Leshi akatoka. Wakacheka.

Siku ya tatu Prohor aliondoka kwenda kutoboa tundu jingine, nikasogea.

"Karibu, dada Faina," Taisia akasema. "Umechoka kukaa kwenye theluji kama sungura?"

"Nimekuja kuona mlinzi wako."

"Mtazame. Hang'ati."

Alikuwa wa rangi ya asali, mwembamba, anainamia risasi yake kidogo tu. Alikuwa wangu, yule ambaye ningemchagua kwanza. Yeyote angeniuliza ningemwambia huyu ni wangu. Nikainama zaidi, na hapo nikaona ncha. Unywele wa nguruwe pori mwishoni huwa umepasuka, kama ulimi wa nyoka, na lazima ukatwe hapo, la sivyo maji hunasa, huganda, na mlinzi hulemewa. Mwaka wetu wa kwanza Prohor alinifokea kwa kusahau kukata. Huyu hakukatwa. Tone la barafu lilikuwa limeshaanza kukaa pale.

"Nani alifunga?"

"Yeye mwenyewe."

"Na huu mpasuko hukuuona?"

"Niliuona."

"Hukumwambia?"

Taisia aliacha kucheka. Akafuta lile tone kwa kidole gumba. "Dada," akasema, "muulize mumeo."

Mchana ule nilitandika kitambaa cheupe mezani, karibu na dirisha, nikazipanga nywele zote zilizobaki kwenye kopo lake. "Leo chagua wewe," nikamwambia. Alikaa. Hakuziinua kwenye mwanga kama zamani. Alizipitisha kati ya midomo, moja moja, kupima wembamba wake, amefumba macho. Akaweka mmoja kando.

"Ncha yake ikoje?" nikauliza.

"Safi."

Ilikuwa imepasuka wazi, hata mimi niliyesimama niliiona.

"Tangu lini, Prohor?"

"Tangu majani yalipoanguka. Katikati kuna ukungu. Pembeni naona vizuri, nakuona wewe na aproni yako. Ila kitu chembamba mbele yangu, hapana. Ndiyo maana sikukupangia nywele."

"Na Taisia ndiye anayekuambia mlinzi akinyooka."

"Ndiye."

"Alijua yeye kabla yangu."

"Aliligundua mwenyewe. Nilimhesabia pesa vibaya pale dukani." Akajaribu kutabasamu. "Kwake mimi ni mvuvi mwenye macho mabovu, basi, ananitania. Wewe ungelia, Faina."

Nililia, kweli, lakini si kwa sababu aliyoidhani. Mungu anisamehe, ningependa iwe magoti na kicheko tu. Mwanamke ningeweza kumfukuza. Huyu alikuwa amepewa udhaifu wa mume wangu, kitu ambacho mimi sikuwahi hata kuombwa kukishika.

Nikajifuta, nikaketi upande wake, goti langu likagusa lake.

"Kesho nikae mimi na wewe," nikasema. "Taisia atafute tundu lake. Nitakuambia kila akinyooka, hata kidogo, na sitalia. Prohor, unasikia? Niruhusu niwe mimi."

Yeye alikuwa anapapasa mezani kutafuta mkasi wa kukatia ile ncha, uliokuwa mbele yake juu ya kitambaa.