Maji Yaliyolala

Fundi Chujio alikuwa na sheria moja, na kila aliyewahi kufanya naye kazi aliisikia mpaka ikamchosha: maji hupimwa kisimani. Si nyumbani, si dukani, wala si kesho. Ukiyatia chupani yakalala, yanageuka. Ile hewa iliyokuja nayo kutoka chini inatoroka, ukali wake wa asidi unapungua, na asubuhi yanakuonyesha uso wa mtu mwema. Aliyasema hayo miaka ishirini na sita, akiwacheka mafundi wenzake waliopimia maji mezani. Lakini wahenga hawakukosea, kinyozi hajinyoi. Siku alipoivunja sheria yake aliivunja nyumbani kwao, kwenye kisima alichochimba baba yake mwenyewe.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, uani, mahali alipofulia dada yake mkubwa. Dada alikuwa dobi, na kazi yake yote ilikuwa shuka za hospitali ndogo ya mtaa wa pili: nyeupe tupu, mafurushi manne kila siku, zifuliwe, zipigwe pasi, zirudi kabla ya jua kuzama. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka katika nyumba ile. Binti yake alikuwa amemwambia mara nyingi afunge virago ahamie kwake, naye kila mara alijibu kwamba mtu mwenye kazi hahami. Kisha maji yakaanza vituko. Yalitoka kwenye pampu maangavu, ungeyanywa bila kuuliza, lakini yakishakutana na hewa yaligeuka manjano, kisha hudhurungi, na shuka zikawa zinaanuliwa na mabaka ya kutu. Matroni wa hospitali alivumilia kwa muda. Mwishowe akasema mabaka yale yanafanana na damu ya zamani, wagonjwa wanaogopa kuyalalia, na akampa dada mwezi mmoja.

Ndipo dada akamwita mdogo wake, ingawa walikuwa hawajazungumza tangu mazishi ya baba.

Baba yao aliugua miezi mitano. Dada alimuuguza peke yake, akimgeuza, akimlisha, akimbadilishia shuka. Fundi Chujio alikuwa na kazi mbali, na kila alipopigiwa simu alisema anakuja wiki ijayo. Alifika siku moja baada ya baba kufa. Hakuna aliyemsema, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana mtu akikusema unaweza kumjibu.

Siku ya kuchukua maji aliingia uani akakuta kiti cha baba kiko pale pale kando ya pampu, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa waya. Kupima maji ipasavyo kunataka nusu saa: unayaacha yatiririke mpaka yale yaliyokaa bombani yaishe, ndipo unakinga na kupima papo hapo. Dada alimwambia akae kitini apumzike wakati anasubiri. Fundi akakitazama kile kiti, akasema kuna mteja anamngoja. Hakukuwa na mteja. Alijaza chupa, akaifunga, akaondoka haraka kama aliyeacha chungu motoni.

Kesho yake asubuhi alipima mezani kwake. Chuma kilikuwa kingi, hilo angelijua hata kwa macho. Karatasi ya kupimia ukali iligeuka kijani, na kijani maana yake maji ni ya kawaida, hayana ukali. Akafurahi, maana kazi imekuwa nyepesi. Ghalani kwake mlikuwa na magunia ya aina tatu. Kulikuwa na mchanga wa kijani, unaokamata chuma vizuri sana ila lazima ulishwe dawa ya zambarau inayotia doa kila inachogusa, na dawa ya doa haipelekwi kwa dobi. Kulikuwa na chenga nyeusi, nyepesi, zisizotaka dawa yoyote, bali hewa kidogo na kuoshwa tu, lakini kwenye maji makali hazifui dafu. Na kulikuwa na chenga nyeupe za mawe ya chokaa, ambazo hutangulizwa mbele ya zile nyeusi ili kuyatuliza maji makali. Karatasi ilikuwa kijani. Akaziacha nyeupe, akabeba nyeusi, akazijaza kwenye tangi la chujio alilolifunga kwenye bomba la pampu.

Siku tisa za mwanzo maji yalitoka safi, na dada, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alipiga simu kusema ahsante. Siku ya kumi mabaka yakarudi. Chenga zikiwa mpya hushika chuma kidogo hata mahali zisipofaa, kisha huchoka.

Hapo fundi akafanya jambo la aibu kuliko kosa lenyewe, akamlaumu dada. Alimwambia kwenye simu kwamba bila shaka haoshi chujio, kwamba kila asubuhi anatakiwa kuyapitisha maji kinyumenyume ili kutu itoke, na kwamba vyombo havijiendeshi vyenyewe. Dada hakubishana naye. Alisema tu kwamba anaosha. Wiki ikapita fundi asiende, na ya pili ikapita, naye bado anatafuta mchawi kwenye pampu, kwenye bomba, hata kwenye sabuni. Mwezi wa matroni ukaisha hivyo hivyo.

Alipokwenda hatimaye, aliona ukutani, juu ya chujio, mistari ya mkaa, mmoja kwa kila asubuhi ambayo dada alikuwa ameosha. Alihesabu siku kwa vidole, akahesabu mistari, akarudia. Haukukosekana hata mmoja. Basi, kwa kuwa hakubakiwa na mtu wa kumlaumu, alifungua pampu, akaketi kwenye kiti cha baba. Mguu wenye waya ulilia kidogo, kama ulivyokuwa ukilia zamani. Alikaa nusu saa nzima akiyatazama maji yakitiririka. Kisha akakinga kikombe, akachovya karatasi, ikatoka manjano. Akachovya nyingine. Manjano.

“Dada,” alisema, “kosa ni langu. Maji haya ni makali. Mimi niliyapima kesho yake, yameshalala.”

Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kwa nini hakuyapima hapa hapa, maana hata yeye asiye fundi aliijua ile sheria kwa moyo.

“Sikutaka kukaa.”

“Najua. Nilikuona ulivyokitazama kiti.” Akaja akaifunga pampu. “Kwa baba ulichelewa siku moja. Kwa maji nayo, siku moja. Hiyo siku moja huwa unaipeleka wapi, mdogo wangu?”

Hakusema kwa hasira. Fundi alitamani angekuwa na hasira.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi hata chakula akakisahau. Alileta tangi la pili, akalijaza chenga nyeupe, akaliunganisha mbele ya zile nyeusi, akaosha yote mpaka maji ya povu la kutu yakaisha. Jioni ya tatu alikinga glasi akaiweka dirishani, akalala sebuleni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kulipokucha maji yalikuwa vile vile, meupe, bila hata vumbi chini. Alimpelekea dada ile glasi kwa mikono miwili, akamwambia amwite matroni aje aone kwa macho yake.

“Matroni alizichukua shuka zake wiki iliyopita, kabla hujaja,” dada alisema. “Sasa zinafuliwa kwingine.”

“Na mbona hukuniambia? Siku zote tatu hizi?”

“Nilitaka nikuone unamaliza kitu katika nyumba hii.”

Dada aliingia chumbani kwa baba, akatoka na shuka moja iliyokunjwa. Ilikuwa ile aliyoilalia baba siku yake ya mwisho. Hakuwa ameifua mwaka mzima, alieleza, kwanza kwa kukosa moyo, kisha kwa sababu hakutaka kuitia mabaka. Aliilaza kwenye beseni, akafungulia maji, akaifua taratibu kama nguo ya mtoto mchanga. Alipomaliza alimpa mdogo wake ncha moja, akamwambia ashike huko. Wakasimama uani wakiikamua, huyu akizungusha kulia, yule kushoto, fundi akilia bila kujificha na bila kuachia ncha yake.

“Kesho nahamia kwa binti yangu,” dada alisema. “Kisima nakuachia wewe.”

Waliianika katikati ya kamba iliyozoea mafurushi manne. Mchana ilikauka, nyeupe, bila baka hata moja, na dada akaikunja akaiweka juu ya sanduku lake.